«Vivía» au «viví»? Miaka kumi si kigezo

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninaongoza watalii kwenye michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa. Katika kozi ya Kihispania ya mtandaoni tulifundishwa njeo mbili za wakati uliopita, kwamba jambo la muda mrefu husemwa kwa imperfecto (kama «vivía»), na la muda mfupi kwa pretérito (kama «viví»). Nilipomwambia mgeni wa Kihispania «Vivía en Dodoma diez años» (niliishi Dodoma miaka kumi), alinisahihisha: «viví». Je, miaka kumi si muda mrefu?

JIBU: Marahaba. Miaka kumi ni mingi, lakini kitenzi cha Kihispania hakipimi urefu wa muda. Kinachotazamwa ni iwapo msemaji analiona jambo zima, mwanzo hadi mwisho (pretérito), au anasimama ndani yake likiwa bado linaendelea (imperfecto). Ulipotaja hesabu ya miaka uliufunga muda huo, kwa hiyo mgeni wako alikuwa sahihi. Ungesema «Vivía en Dodoma cuando nació mi hija» (nilikuwa nikiishi Dodoma binti yangu alipozaliwa), ingefaa kabisa, kwa kuwa mtoto alizaliwa ukiwa bado unaishi huko, na mwisho wa kuishi huko haujatajwa. Hali kadhalika, kufunga mlango ni kazi ya sekunde chache, lakini husemwa «Yo cerraba la puerta cuando llegó el grupo» (nilikuwa nikifunga mlango kikundi kilipofika).

Maumbo yenyewe ya imperfecto naona unayamudu: -aba kwa vitenzi vya -ar, -ía kwa vya -er na -ir, na vinavyokiuka kanuni ni vitatu tu, ser, ir na ver.

Linalonikera ni kanuni hiyo ya muda, pamoja na pacha wake, yaani ile orodha ya maneno inayosambazwa kwenye simu ikidai kwamba «ayer» (jana) huleta pretérito na «todos los días» (kila siku) huleta imperfecto. Husemwa «Ayer llovía cuando salimos de Kolo» (jana mvua ilikuwa ikinyesha tulipoondoka Kolo), na pia «Aquella semana llovió todos los días» (wiki ile mvua ilinyesha kila siku). Sentensi zote mbili ni sahihi, na zote mbili zinaivunja orodha hiyo.

Sisi tunanaswa kwa urahisi kwa sababu -li- yetu hubeba yote mawili. «Walichora» inaweza kuwa «pintaron» (pretérito) au «pintaban» (imperfecto). Hapo mwambani, unapomwonyesha mgeni mnyama mmoja aliyechorwa kwa rangi nyekundu, sema «Alguien pintó este animal» (mtu fulani alimchora mnyama huyu). Unapogeuka kumweleza maisha ya wawindaji waliochora michoro hiyo, sema «Cazaban, recolectaban y pintaban», kwa maana ya walikuwa wakiwinda, wakikusanya matunda na mizizi, na wakichora. Kama «walikuwa waki-» inakaa vizuri bila kubadili maana, mara nyingi imperfecto ndiyo inayotakiwa.

Kila muhula ninapokea wanafunzi waliolipia kozi za «Kihispania kwa siku thelathini», na kuwaondolea mazoea hayo hunichukua muda mrefu kuliko kumfundisha asiyejua chochote. Kwa hiyo, yeyote anayetaka kujiandikisha kwenye kozi ya namna hiyo amwombe kwanza mwalimu aeleze tofauti ya «sabía el camino» na «supe el camino». Ya kwanza ni nilikuwa ninaijua njia. Ya pili ni kwamba hapo ndipo nilipopata kuijua. Mwalimu akijibu kwamba moja ni ya muda mrefu na nyingine ni ya muda mfupi, asilipwe hata shilingi.