Ni kama Lamu, ila si Lamu

Mpwa wangu, umeniuliza mbona nalalamika ilhali picha ninazotuma ni kisiwa, punda na mashua. "Si kama kwetu tu, mjomba, ila kuna euro?" Haya, sikia.

Mimi niko Aegina, kimoja cha visiwa vya Ghuba ya Saronic, baina ya Athens na Peloponnese. Bara liko karibu mno. Ukipanda kivuko kwenda kisiwa cha Salamina, hata kahawa huimalizi. Kisiwa cha Poros na mji wa Galatas ulio ng'ambo, bara, vimetengwa na mkondo mwembamba sana. Kutoka Mokowe, kule bara kwetu, hadi Lamu ni safari ukilinganisha. Kisiwa cha Hydra ndiko kwenye punda. Magari ya watu ni marufuku, ukinunua friji hupandishwa ngazini kwa nyumbu. Siku ya kwanza nilipoisikia harufu ya mavi ya punda kwenye kichochoro cha mawe, machozi yalinitoka, wallahi. Lakini Hydra ni mwamba mkavu. Zamani hata maji ya kunywa yakiletwa kwa meli.

Jambo ambalo bado sijalizoea ni bahari yenyewe. Haipwi wala haijai, labda kidogo tu usichokiona. Hakuna kungoja maji yajae ndipo upite Mkanda, ule mkondo wa kwetu Lamu. Hapa mwenye amri ni upepo. Ukichachamaa, meli zinakatazwa kutoka bandarini, nawe umekaa gatini unalitazama bara kwa macho yako.

Na huo ukaribu unaousifu ndio unaotubana. Watu wa Athens huja Ijumaa, Jumapili jioni washaondoka, na kazi huondoka nao. Mwisho wa Agosti tunavuna pistachio: turubai chini ya mti, fimbo juu, mgongo unaita mama. Baada ya hapo hoteli nyingi hufungwa, nami nahamia Piraeus, bandari ya Athens, kuosha vyombo hadi Pasaka yao. Kuna mwenye shamba aliwahi kunilipa nusu, nikanyamaza kwa sababu kibali changu kilikuwa kinakaribia kuisha. Hilo kwenye picha halionekani.

Ukija, njoo na ufundi mkononi, umeme au kuchomelea, na koti zito. Bahari unayo hapo mlangoni kwenu.

Mwambie mamako pesa za mwezi huu zitachelewa kidogo. Anayetulipa yuko Athens, na meli hazijatoka tangu jana.