Mbona Wanapenda MP3 Kuliko FLAC?

SWALI: Nina wimbo mmoja kwenye faili mbili: FLAC (isiyopoteza chochote cha sauti) niliyoitoa kwenye CD, na MP3 (inayotupa sehemu ya sauti ili faili liwe dogo) ya kilobiti 128 kwa sekunde niliyotumiwa kwa simu. Nikiwachezea marafiki kwenye spika ya Bluetooth, wote wanachagua MP3. Wamezoea vibaya, ama FLAC ni sifa tu? – Msomaji, Umoja, Nairobi

JIBU: Usiwalaumu bado. MP3 ya kutumiwa huenda ilitoka kwenye toleo jingine lililopandishwa sauti, na hata tofauti ikiwa desibeli moja tu, sikio hupenda kile kilicho juu. Isitoshe, Bluetooth hubana sauti upya njiani. Kwa SBC, njia ya kawaida ya Bluetooth ya kubana sauti, FLAC yako inafika kwenye spika ikiwa imeshapunguzwa.

Tengeneza MP3 mwenyewe kutoka kwenye FLAC hiyohiyo kwa LAME, programu ya kutengeneza MP3. Zifungue zote kwenye foobar2000, programu ya kuchezea muziki kwenye kompyuta, yenye kijalizo cha ABX (jaribio la kutambua faili kwa kusikia tu), pima ReplayGain, yaani kiwango cha sauti cha kila faili, ili zilingane sauti, kisha tumia hedifoni za waya. Programu itaficha ipi ni ipi. Rudia mara 16: anayepata 12 au zaidi huenda anasikia tofauti kweli, anayepata 8 anabahatisha.

Chagua wimbo wenye kayamba, maana mchakacho wake ndio unaoitesa MP3. Kwa kilobiti 128, sauti za juu ya hezi 16,000 au 17,000 hukatwa, na zinazobaki karibu na hapo hupewa biti chache. Mbegu zilizofaa kusikika mojamoja zinakuwa mvumo unaozunguka. Gitaa la benga nalo likidonolewa kwa nguvu, kelele hafifu inaweza kusikika kabla ya noti yenyewe. Besi nzito haitakuonyesha lolote.

Wapo wanaoupenda mvumo huo kwa dhati. Mwaka 2009 Jonathan Berger wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alieleza kwamba wanafunzi wake walizidi kupendelea MP3 kila mwaka. Lakini Sean Olive wa Harman, kampuni ya vifaa vya sauti, alipowapima vijana wa shule, wengi walichagua CD. Kwetu sisi, mazoea yana nafasi yake, ila mshukiwa wa kwanza ni volyumu.

FLAC ibaki kwenye kompyuta. Ya simu iwe MP3 ya 256: wimbo wa dakika nne utakula karibu megabaiti 8 badala ya 25 au 30. Usiitengeneze kutoka kwenye ile ya 128. Utaongeza ukubwa wa faili na uharibifu wa sauti kwa pamoja.