Mke kaficha kitambulisho nisisaini mkataba wa muziki. Nimwache?

Shangazi, shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 25, naishi Mbagala. Mchana naendesha bodaboda ya mtu, usiku nipo studio, nachana tangu nikiwa sekondari. Naishi na mwanamke, huu mwaka wa tatu, tuna mtoto mmoja, ndoa bado. Ngoma yangu imeshika, hata daladala zinaipiga, na YouTube imepita watazamaji laki mbili kwenye chaneli ya meneja mmoja. Bit, yaani mdundo, niliichukua mtandaoni bure, mistari ni yangu yote. Meneja kanipa mkataba wa miaka mitano. Siku ya kusaini kitambulisho changu cha NIDA hakionekani! Nimepekua chumba kizima, nikakikuta ndani ya ndoo ya unga, kimefungwa kwenye nailoni. Mwanamke akasema hataki nisaini karatasi za Kiingereza nisizozielewa. Shangazi, hajawahi kuuamini muziki wangu, mawazo yake ni mihogo yake ya kukaanga na kikoba. Juzi kaniaibisha mbele ya washikaji, ananidai laki tatu. Meneja anasema msanii anayepanda hafungwi na mwanamke wa uani. Sugu na Profesa Jay wametoka mtaani wakafika bungeni, mimi nizuiwe na mihogo? Nimwache?
Mchanaji, Mbagala

Marahaba, mwanangu. Hongera kwa ngoma kushika. Kutoka chumba cha kupanga hadi kondakta akaongeza sauti wimbo wako ukianza si kitu kidogo, na uchovu wa kulala saa nane ukaamkie pikipiki ya watu nauelewa. Pole yangu inaishia hapo.

Kuna mahali umepita kwa kunyata. Laki tatu umeitaja kama aibu, hukusema ni ya nini. Mtu anayepeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, akanunua na mafuta, hatoi laki tatu za studio na video mfukoni mwake. Mimi nasema huo ni mkopo wa kikoba, kauchukua yeye kwa jina lake, na kila siku ya kikao wenzake wanamkodolea macho yeye, si wewe. Halafu unaniandikia hajawahi kuuamini muziki wako. Nani mwingine ameuwekea hela?

Na hiyo nailoni. Anayetaka kukuharibia maisha angekitupa kitambulisho chooni, mkaenda kuhangaika na foleni. Huyu kakifunga vizuri unga usikiguse, akakiweka kwenye ndoo anayoifungua kila siku. Hakuwa anakizika, alikuwa anakitunza mpaka akili zikurudie. Kuficha si njia nzuri, alitakiwa akae na wewe mseme. Lakini najiuliza alishasema mara ngapi ukiwa umevaa spika za masikioni.

Tuje kwenye mkataba, maana hapo mwenzio kakuzidi akili. Hukuniambia asilimia wala nani anamiliki masta, yaani ile rekodi yenyewe iliyokamilika. Kutosema kwako kunanitosha kujua hukusoma. Meneja kazi yake ni kukutafutia kazi na kukupangia mambo, na kawaida duniani huchukua asilimia 15 hadi 20. Masta si zake. Akitaka masta, huyo ni lebo, yaani kampuni ya kurekodi, na lebo inatakiwa itoe hela ya kurekodi, video na matangazo. Meneja wako nahofia anataka kuwa vyote viwili, na hela ya studio imetoka kwenye mihogo!

Angalia pia asilimia inakatwa wapi, kabla ya gharama au baada. Tuseme umelipwa shoo laki tano. Nauli na DJ na vijana wawili wa kukusindikiza jukwaani vimekula 190,000. Meneja akichukua nusu kabla ya gharama, anaondoka na 250,000, wewe gharama zote ni zako, unabaki na 60,000. Akichukua asilimia 20 baada ya gharama, anapata 62,000 na wewe 248,000. Shoo ileile, jasho lilelile. Tafuta pia kifungu kinachompa yeye peke yake haki ya kuongeza muda, hapo miaka mitano inakuwa minane nawe huna sauti. Na ile hela ya mwanzo watakayokupa mkipiga picha mmeshikana mikono, soma vizuri, mara nyingi ni mkopo, inakatwa kwenye mapato yako kabla hujaona senti.

Watazamaji laki mbili wanakulevya, na kosa lipo kwenye neno ulilolisema mwenyewe: chaneli ni ya meneja. YouTube humlipa mwenye chaneli. Ili chaneli iingizwe kwenye mgao kamili wa matangazo inahitaji wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90, na hela haitoki mpaka ifike dola 100. Yote hayo unamjengea yeye. Siku mkigombana anabadilisha nywila, na wimbo unabaki kwake.

Bit ya bure nayo ni mtego. Kwenye mtandao "bure" mara nyingi maana yake ni jaribu, usiuze. Prodyuza anamkodisha bit hiyohiyo mtu mwingine, wa kwanza kusajili wimbo wake kwenye mfumo wa kutambua sauti anasababisha wako udaiwe, na mapato yanaenda kwake hata kama mistari ni yako yote. Dawa yake ni kumtafuta mwenye bit sasa, kabla hujawa mkubwa, ununue leseni kwa maandishi. Ya kipekee ni ghali zaidi, lakini baada yake bit haiuzwi kwa mwingine. Au mpe prodyuza wa mtaani kwenu aipige bit mpya juu ya sauti zako, kama studio bado wanazo faili. Ulizihifadhi? Dai faili za WAV za biti 24, zile za ubora kamili: sauti yako peke yake, bit peke yake, na toleo la wimbo lisilo na sauti yako. Bila hilo toleo, jukwaani utakuwa unafoka juu ya sauti yako mwenyewe, na maiki ikizima kidogo kila mtu anajua.

Sugu na Profesa Jay umewataja haraka haraka. Kweli, mmoja aliingia bungeni 2010, mwingine 2015. Lakini wote wawili walikuwa na maiki mkononi tangu miaka ya 1990. Hesabu mwenyewe.

Sasa huyo "mwanamke wa uani". Unadhani kwa kuwa ndoa bado, unafunga begi unaondoka. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi kama mume na mke, huchukuliwa wameoana, mpaka anayepinga athibitishe vinginevyo. Anaweza kudai matunzo na mgao wa mlichochuma. Na wasikudanganye kijiweni kwamba mke wa nyumbani hana mchango: Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 1983, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Seif, kwamba kazi za nyumbani ni mchango. Wako hata kazi za nje kafanya. Mtoto ndiyo usiguse kabisa, matunzo yake ni yako hata ukihamia Masaki.

Vijana wa siku hizi mnanichosha. Mtu anakaa na mwanamke anapopanda mwendokasi, akishapata anasema si wa hadhi yake. Hakuwa wa hadhi yako alipokuwa anafua zile jezi unazovaa kwenye video? Na wanaume wenzako wanaokutukania mke hawajakulipia hata dakika kumi za studio. Mwanamume anayeshauriwa kuacha mke na mtu anayesubiri sahihi yake amekuwa kuku anayeshauriana na mwenye kisu.

Fanya hivi. Usisaini wiki hii. Mwambie meneja unataka nakala kwa Kiswahili na siku 14 za kusoma. Akikasirika, umeshapata jibu. Wimbo usajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwa jina lako, haki unayo tangu ulipoandika mistari, lakini usajili ni ushahidi siku ya ugomvi. Fungua chaneli yako, barua pepe yako, nywila yako. Mlipe wakili apitie mkataba mara moja tu, hata kama shoo moja itakwenda hapo. Siku ya kukaa mezani nenda na mwenzio, na kila kipengele asichokielewa mkisimamishe mpaka kieleweke.

Ile laki tatu uilipe kabla ya kikao kijacho cha kikoba. Mpelekee mkononi, mbele ya washikaji walewale.