Kadi ya Chanjo Ivuke Horohoro

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: "Nchi za Afrika Mashariki zifanye nini kwa pamoja kuzuia saratani ya mlango wa kizazi?" Jibu langu ni fupi, maelezo yake ndiyo marefu. Waanze na kadi ya chanjo ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani hii. Msichana aliyechanjwa Lunga Lunga, upande wa Kenya, kadi yake itambulike Horohoro, upande wa Tanzania, na aliyechanjwa Horohoro itambulike Lunga Lunga. Hilo lisipowezekana, sioni makubwa zaidi yatawezekanaje.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Mkinga, mkoani Tanga, na shuleni kwetu mambo ya afya nimekabidhiwa mimi. Wauguzi wa zahanati wakija kuchanja, orodha inatoka kwangu: nani yupo, nani hayupo, nani ametimiza umri, nani kaja kuchukuliwa na mama yake asubuhi hiyohiyo kwa kisingizio cha msiba. Misiba huwa mingi sana siku za chanjo.

Kwa wasioijua pwani hii, kutoka Tanga mjini hadi Horohoro ni lami ya kilomita 65 hivi, na ukikaribia mwisho simu yako inakukaribisha Kenya kabla hujaiona forodha. Ng'ambo ya pili ni Lunga Lunga, kaunti ya Kwale. Mpaka huo Waingereza na Wajerumani waliukubaliana mwaka 1886, ukapita katikati ya Wadigo na Wasegeju, na wenyewe hawakuulizwa. Kwa hiyo shangazi yuko Vanga na mjomba yuko Moa. Nikahi inasomwa huku, walima unaliwa kule. Mama akiachika anarudi kwao Kwale na wanawe. Baba akipata kazi ya mashua huku anawafuata watoto. Muhula huu mtoto yuko kwangu darasa la tano, muhula ujao yuko gredi ya tano kwao, na mwaka unaofuata unamwona tena, amerefuka, hana karatasi hata moja.

Sasa itie chanjo humo. Tanzania ilijaribu kwanza mkoani Kilimanjaro mwaka 2014, kisha Aprili 2018 ikaanza nchi nzima, kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili zilizoachana miezi sita. Kenya ikazindua yake Mombasa, Oktoba 2019, nayo ikaweka umri wa miaka 10, dozi mbili vilevile. Binti wa miaka 12 aliyehama kutoka kwetu kwenda kwao mwaka 2020 alikuwa kwetu hajaufikia umri na kwao ameshaupita. Aliyechomwa dozi ya kwanza kule akaja huku, ya pili alipewa na nani, na kwa ushahidi gani? Kwenye takwimu za Dodoma hayumo, na za Nairobi zinamhesabu kama aliyepotea. Mimi nilikuwa naye darasani.

Siku hizi ratiba zimekaribiana, na hili watu wengi hawalijui. Aprili 2024 Tanzania ilihamia dozi moja, na walengwa wakawa wasichana wote wa miaka 9 hadi 14. Kenya nayo mwaka 2025 ikahamia dozi moja. Zamani afisa wa upande mmoja angeweza kusema "utaratibu wao si wetu". Sasa hawezi.

Na hiyo dozi moja, ushahidi wake ulitoka wapi? Sehemu kubwa ulitoka hapahapa kwetu. Mwanza walifuatiliwa wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, waliogawanywa wa dozi moja, mbili na tatu, ili ionekane kinga mwilini inatofautiana vipi. Kenya, katika Thika, Kisumu na Nairobi, walishiriki wanawake vijana 2,275 wa miaka 15 hadi 20, na ndani ya miezi 18 dozi moja ilikinga kwa zaidi ya asilimia 97 dhidi ya aina ya 16 na 18 za virusi vya HPV. Hizo mbili ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani hii. Matokeo yakatoka mwaka 2022, na Desemba mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likaikubali ratiba ya dozi moja. Mabinti wa Mwanza na wa Kisumu wameirahisishia dunia nzima kazi, ila sidhani kama kuna waziri aliyewahi kusimama akawashukuru kwa pamoja.

Nije kwenye uvumi, maana hapa ndipo mpaka unapojulikana kuwa ni mstari wa ramani tu.

Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki wa Kenya walidai chanjo ya pepopunda imetiwa dawa ya kuzuia mimba. Serikali yao ikakanusha, Shirika la Afya Duniani likakanusha, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Mwaka 2019, HPV ilipokaribia, chama cha madaktari Wakatoliki cha huko kikawashauri wazazi waikatae. Hapa kwetu Mkinga watu wengi ni Waislamu, na ungedhani neno la askofu wa Nairobi haliwahusu. Liliwahusu sana. Linakuja kwa sauti ya WhatsApp, kwenye kundi la ukoo, kutoka kwa binamu wa Ukunda, na likifika limeshavuliwa uaskofu. Limebaki "madaktari wa Kenya wenyewe wamesema". Muuguzi wetu wa zahanati atalijibu na nini? Ana bango lenye picha ya msichana anayetabasamu.

Wazazi wanaouliza mimi siwaiti wajinga. Maswali yao ni ya watu wenye akili. Kwa nini wasichana peke yao? Kwa sababu saratani yenyewe iko kwenye mlango wa kizazi, na chanjo ilipokuwa haba duniani ilibidi waanziwe wanaoumia zaidi. Australia imekuwa ikiwachanja na wavulana tangu mwaka 2013. Kwa nini wadogo hivi, kwani mnawatarajia wafanye nini? Kwa sababu chanjo hii inazuia virusi kuingia, haivifukuzi vilivyokwisha kuingia, kwa hiyo inatangulia ndoa na yote yanayoambatana nayo. Kwa nini bure? Kwa sababu shirika la Gavi linalipa sehemu kubwa na serikali inaongeza yake. Nani amekwisha kufaidika nayo? Hapa nawapa habari ya Scotland: utafiti uliotoka Januari 2024 haukukuta hata mwanamke mmoja mwenye saratani hii miongoni mwa waliokamilisha chanjo wakiwa na miaka 12 au 13. Saratani hii huchukua miaka 15 hadi 20 kujijenga tangu virusi vilipoingia, na kwa mwenye kinga dhaifu hata miaka mitano hadi kumi. Matunda ya kampeni ya 2018 mzazi wa Mkinga hawezi kuyaona leo, na mwenye haraka atasema hayapo.

Majibu hayo ninayo mimi, na mwenzangu wa Kwale huenda ana mengine. Hapo ndipo nchi zinapotakiwa kukaa pamoja. Uvumi ukitoka upande mmoja, wizara mbili zijibu kwa kauli moja, wiki hiyohiyo, kwa sauti fupi inayoweza kutumwa kwenye kundi la ukoo kama uvumi wenyewe ulivyotumwa. Tamko la kurasa tatu kwa vyombo vya habari halifiki Moa. Na wapewe watu wanaoaminika wawasemee: sheikh, mwenyekiti wa kitongoji, na hasa makungwi, maana ndio waliokabidhiwa miili ya wasichana wetu tangu zamani, na unyago nao hauna mpaka. Kungwi mmoja wa hapa aliwahi kukaa kwenye kikao cha wazazi akamsikiliza muuguzi kijana akieleza virusi na chembechembe hadi watu wakaanza kusinzia. Mwisho akamwambia, "Mwanangu, waambie ni ule ugonjwa wa mtu kutoka damu na hedhi ilishakoma." Kikao kizima kiligeuka. Kila mmoja pale alikuwa na wake aliyemzika, na ugonjwa huo walikuwa wakiuita mambo mengine, mengine ya kumhukumu marehemu.

Tanzania inapata wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 wa saratani hii kila mwaka na vifo zaidi ya 6,000. Ndiyo inayoongoza kwa kuua wanawake wetu kati ya saratani zote. Duniani, mwaka 2022, ilikuwa wagonjwa wapya 660,000 na vifo 350,000, vingi mno vikiwa katika nchi kama zetu.

Hao wanaokufa sasa chanjo imewakosa. Wao wanahitaji uchunguzi. Kipimo cha siki ni rahisi: mlango wa kizazi unapakwa, sehemu yenye mabadiliko inageuka nyeupe, na mara nyingi inatibiwa kwa baridi kali au kwa joto siku ileile, kabla haijawa saratani. Kwa mwanamke anayeishi na virusi vya Ukimwi hatari ni mara sita, kwa hiyo yeye asingoje. Lengo la dunia, lililotangazwa Novemba 2020, ni kwamba ifikapo 2030 asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa kabla ya miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa kwa kipimo bora wakiwa na miaka 35 na tena 45, na asilimia 90 ya watakaokutwa na tatizo watibiwe. Hiyo 70 katikati ndiyo inayonitia hofu.

Na akikutwa na saratani yenyewe? Mgonjwa wa Mkinga anayehitaji mionzi kwa kawaida anaelekezwa Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 350 kwa barabara, na mionzi ni ya wiki kadhaa, kwa hiyo anahitaji na pa kulala. Mombasa kutoka Horohoro ni kama kilomita 100. Lakini bima yake haivuki: NHIF ni ya huku, SHA ni ya kule. Najua hili halimalizwi na barua ya mwalimu, lina fedha na sheria ndani yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki imeiteua Taasisi ya Saratani ya Uganda kuwa kituo cha umahiri cha saratani kwa kanda nzima, na ni jambo jema kwa kusomesha madaktari. Mama wa Mkinga hawezi kufika Kampala.

Habari ya kununua chanjo kwa pamoja ili bei ipungue nawaachia wachumi.

Kuna watakaosema tuige Rwanda, nami nakubali, lakini tuige kilichowafanikisha. Walianza mwaka 2011, wa kwanza Afrika kwa mpango wa nchi nzima, wakavuka asilimia 90 mapema. Walichanja shuleni, darasa la sita, kisha wahudumu wa afya wa vijijini wakawatafuta wasiokuwa shuleni mmoja mmoja kwa majina. Mtu akiniambia Rwanda ni nchi ndogo, namjibu kwamba wilaya ya Mkinga ni ndogo zaidi. Sisi wasiokuwa shuleni tunawajua: waliochukuliwa kwenda kufanya kazi za ndani Mombasa au Dar, waliofuata wazazi kwenye madago ya uvuvi, walioolewa. Hao ndio hasa wanaovuka mpaka, na wengi hupita njia za panya.

Nirudi kwenye kadi, maana najua litakuja jibu kwamba ni jambo gumu, linahitaji mfumo, linahitaji itifaki. Kadi ya njano ya homa ya manjano inasomwa mipakani duniani kote, ni karatasi na muhuri. Horohoro na Lunga Lunga maofisa wa nchi mbili tayari wanafanya kazi katika kituo kimoja cha pamoja. Na mwaka 2020, madereva wa malori walipokwama mipakani kwa ajili ya vipimo vya korona, mawaziri walikutana haraka, na Jumuiya ikatengeneza mfumo wa simu wa kufuatilia madereva ili cheti cha kipimo cha nchi moja kikubalike nchi nyingine. Mzigo ulipokwama, ufumbuzi ulitafutwa. Nataka wasichana wangu wahesabiwe angalau kama shehena ya saruji.

Ninachokiomba kinaenea kwenye ukurasa mmoja: jina, mwaka wa kuzaliwa, tarehe ya chanjo, aina yake, namba ya toleo, muhuri wa kituo. Kadi ifanane pande zote mbili. Wiki ya kampeni iwe moja, ili asiwepo wa kujificha kwa bibi yake ng'ambo hadi wauguzi waondoke. Na zahanati za mpakani zibadilishane orodha za waliohama, kwa njia rasmi na kwa siri inayostahili, kila mwanzo wa muhula.

Januari shule zinafunguliwa huku na kule, na ndipo ninapopokea wanaohamia. Hadi kadi hiyo itakapopatikana nitaendelea kumpigia mwalimu mwenzangu wa ng'ambo kumuuliza fulani alichanjwa au la, kwa vocha yangu.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Mkinga, Tanga