Baba mdogo ni baba: kwa mawakili vijana wanaosoma sheria peke yake

Mwezi uliopita kijana mmoja aliyetoka kumaliza Shule ya Sheria kwa Vitendo alikuja ofisini kwangu kuomba ushauri wa kazi. Akatazama meza yangu. Palikuwa na jalada la mirathi, magazeti mawili ya siku hiyo, kamusi iliyochanika jalada, na kitabu cha mila za makabila ya Tanzania. Akaniuliza kwa adabu, "Dada, haya yote unayasoma saa ngapi? Na yanakusaidia nini kortini?" Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu mteja alikuwa nje ananisubiri, lakini swali lilibaki kichwani. Jibu lake refu ni hili.

Nilipoanza uwakili nilikuwa Bukoba, mkoani Kagera. Nilikuwa na sheria kichwani na hukumu za Mahakama ya Rufani kwenye daftari, nikaamini kwamba hivyo ndivyo vitu vinavyohitajika. Nikapewa jalada la mama mmoja wa makamo. Baba yake mzazi, siku chache kabla ya kufariki, aliita watu nyumbani akatamka kwamba kibanja kilichoko nyuma ya nyumba, chenye migomba na kahawa, ni cha huyo binti yake aliyemuuguza. Hakuandika. Alisema kwa mdomo tu.

Sheria za mila zilizoandikwa mwaka 1963, zile za Tangazo la Serikali Namba 436, zinautambua wosia wa mdomo, ila kwa sharti: mashahidi wasipungue wanne, na wawili kati yao wawe wa ukoo wa anayeusia. Siku ile walikuwapo wanne. Mahakama ya Mwanzo ikamsikiliza mama yule, ikamwamini. Watoto wa kaka yake wakakata rufani, wakashindwa, wakakata tena, na safari hii jalada likafika Mahakama Kuu, na mimi nikiwa upande wa mjibu rufani.

Mwenendo wa shauri kutoka Mahakama ya Mwanzo ulikuwa kwa Kiswahili, kama kawaida. Hoja zangu nilitakiwa kuziandika kwa Kiingereza, kama ilivyokuwa desturi wakati huo. Nikakaa usiku mzima nikitafsiri. Shahidi wa kwanza alikuwa baba mkubwa wa mteja wangu, wa pili baba yake mdogo. Wote wawili nikawaandikia lile neno moja la Kiingereza, "uncle", linalombeba baba mkubwa, baba mdogo na mjomba bila kuwatofautisha. Wala sikusita. Nilikuwa nimelisoma tangu shule ya msingi, nikaona limetosha.

Siku ya kusikilizwa, wakili wa upande wa pili alisimama akasema jambo moja tu. Akaomba mahakama itazame hoja za mwenzake aliyesoma, yaani mimi, kwamba popote hazionyeshi kuwa mashahidi hawa ni wa ukoo wa marehemu. Huenda wakawa wajomba wa mjibu rufani, yaani shemeji wa marehemu, na shemeji si mtu wa ukoo. Mheshimiwa Jaji akaniangalia. "Wakili, hawa ni wa upande gani?"

Nikafungua hoja zangu, nikapekua ukurasa baada ya ukurasa. Jibu halikuwamo, kwa sababu nililifuta mwenyewe kwa kalamu yangu. Mteja wangu alikuwa amekaa benchi la nyuma, amejifunga khanga kiunoni. Karani alipomnong'oneza kinachobishaniwa, alishangaa kabisa. Tulipotoka nje akaniambia, "Mwanangu, baba mdogo ni baba. Sasa huyo mjomba wamemtoa wapi?"

Kilichotuokoa ni mwandiko wa hakimu wa Mahakama ya Mwanzo. Jaji alilivuta jalada la asili, akasoma kwa sauti: shahidi wa kwanza, "baba mkubwa wa mdai, kaka wa marehemu", shahidi wa pili, "baba mdogo wa mdai, mdogo wake marehemu." Hakimu yule aliandika kama watu wanavyosema, na ndani ya maneno hayo ukoo mzima ulikuwa umeshaelezwa. Rufani ilitupwa. Ila nilijua wazi kwamba mama yule angeweza kupoteza kibanja chenye kaburi la baba yake kwa sababu wakili wake hakulipa uzito neno ambalo mtoto wa darasa la pili analijua.

Tangu siku ile sijaandika hoja ya mirathi bila kwanza kuchora mti wa familia kwa majina ya Kiswahili: shangazi hapa, mama mdogo kule, binamu, mkwe, wifi. Nakushauri ufanye hivyo hivyo. Na usimuulize mteja "ni ndugu yako?" Watanzania wote ni ndugu. Muulize: mtoto wa nani, aliyezaliwa na nani, mnaitana nani.

Ndiyo maana mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama niliyapokea kwa furaha ya kweli. Siku ya Sheria mwaka huo, pale Dodoma, Rais Magufuli alitangaza kumpandisha Jaji Zephrine Galeba kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani, akimsifu kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili. Kuna wenzangu walioona ni jambo la kisiasa. Mimi nilikuwa namfikiria yule mama na khanga yake. Lakini ruhusa ya sheria haikupi lugha. Naletewa na vijana hati za kiapo zilizoandikwa Kiswahili ambacho hakuna anayekizungumza, sentensi ya Kiingereza iliyovalishwa maneno yetu. Anayetaka kuandika Kiswahili cha mahakama asome riwaya, asikilize taarifa ya habari ya redio, asome mashairi ya magazetini, akae kijiweni asikilize watu wanavyolaumiana. Hakuna njia ya mkato hapo.

Sasa, nikisema soma mila simaanishi zitetee zote. Nazisoma pia ili nijue pa kuzipinga. Katika shauri lile lile wapinzani walikuwa na hoja nyingine, kwamba ardhi ya ukoo haiwezi kuwa mali kamili ya mwanamke. Na kweli, sheria zile za mila za 1963 zilisema mwanamke anaweza kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote lakini asiiuze, isipokuwa pasipobaki mwanamume wa ukoo huo. Nilikuwa na jibu, na jibu hilo limetoka Kagera hiyo hiyo.

Holaria Pastory wa Muleba alirithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia halali. Mwaka 1988, akiwa ameshazeeka na hana wa kumtunza, akaiuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake akaenda Mahakama ya Mwanzo kutaka mauzo yafutwe, akashinda. Bibi akakata rufani Mahakama ya Wilaya, akashinda yeye. Februari 1990 shauri likaishia mbele ya Jaji Mwalusanya, Mahakama Kuu Mwanza, naye akasema kanuni hiyo ya mila inapingana na haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba yetu mwaka 1984, na kwamba mwanamke auze ardhi ya ukoo kwa masharti yale yale anayouzia mwanamume. Chuoni tuliisoma hukumu hii kama jibu la mtihani. Uisome yote, taratibu. Utaona jaji anayeijua mila ya Kihaya, anayejua mikataba ya kimataifa ambayo nchi imesaini, na anayejua kinachoendelea katika jamii yake. Bila kimojawapo cha hivyo vitatu sidhani kama hukumu ile ingezaliwa.

Soma na ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ya Mahakama ya Rufani mwaka 1983. Kabla yake majaji wa Mahakama Kuu walikuwa wamegawanyika: wengine wakisema kazi za nyumbani ni mchango wa mke katika kuchuma mali ya ndoa chini ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971, wengine wakisema ni wajibu wake tu kama mke. Jaji Mkuu Nyalali na wenzake wakakata mzizi: kupika, kufua na kulea watoto ni mchango. Jambo ambalo wanafunzi wengi hawalijui, kwa sababu wanasoma muhtasari, ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu. Mume wake alikuwa amempa fedha za kuanzisha mradi wa familia, na mahakama ikaona alizitumia ovyo. Alifungua njia, wanawake wa nchi nzima wakapita, yeye akarudi nyumbani mikono mitupu. Kila ninapoitaja hukumu hiyo kortini namkumbuka kama mtu, na naamini hilo linanifanya niwe wakili mwangalifu zaidi kwa mteja aliye mbele yangu, maana kanuni nzuri haimlishi mtu aliyeshindwa kesi.

Kuhusu habari za kila siku nitasema machache, maana hapa ushauri ni rahisi. Julai 2021 tozo za miamala ya simu zilipoanza, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kulingana na kiasi, nilikuwa kwa mama anayenipikia chakula cha mchana. Ana uwakala wa pesa pembeni ya meza ya chakula. Wateja walikuwa wanamgombeza yeye kana kwamba ndiye anayewakata. Akanigeukia: "Wakili, hii ni sheria gani? Nani ameipitisha?" Nilijua ni mambo ya bajeti, basi. Sikuweza kumtajia sheria, wala kumwambia nani ana mamlaka ya kubadilisha viwango. Watu sita waliokuwa wanakula waliacha kula wakinisubiri. Jioni ile nikatafuta Sheria ya Fedha ya mwaka ule, nikakuta marekebisho ya Sheria ya Mifumo ya Taifa ya Malipo yaliyompa waziri uwezo wa kutunga kanuni. Kesho yake nikarudi nikamweleza, akayaandika nyuma ya daftari la mikopo ili awasomee wateja. Septemba tozo zilipopunguzwa kwa asilimia 30, yeye ndiye aliyenipigia simu kunieleza, na alijua kabisa kuwa zimepunguzwa kwa kanuni, bila kurudi bungeni.

Kwa hiyo kila Juni na Julai naisoma Sheria ya Fedha mwanzo hadi mwisho, hata sehemu zinazochosha. Na kila asubuhi nasoma gazeti nikiwa na kalamu. Nikikuta habari, iwe ya mkulima aliyevamiwa na ng'ombe au ya mpangaji aliyetolewa vyombo nje, najiuliza mtu huyu ana haki gani, chini ya kifungu kipi, na aanzie baraza gani. Nisipojua, naandika swali kwenye daftari dogo na kulitafutia jibu kabla ya Jumapili. Hukumu zenyewe zipo bure mtandaoni, kwenye TanzLII, kwa hiyo ugumu wa kuzipata si sababu tena. Jambo moja tu nikuonye: kufuatilia mambo mengi kusikufanye uwe msemaji wa kila kitu. Nimeona wenzangu wakitoa maoni mtandaoni kuhusu shauri lililoko mahakamani bila kusoma hata hati ya madai. Soma mengi, sema yale uliyoyathibitisha.

Na nenda kwa wazee. Usiende na karatasi ya maswali. Kagera niliwekewa buni za kutafuna, nikazikataa kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuona mpaka wa shamba, na mazungumzo yakawa mafupi sana. Mara ya pili nilikaa, nikatafuna, nikaulizwa habari za kwetu, na mpaka nikaonyeshwa bila kuomba.

Miaka minane baadaye, nikiwa Dar es Salaam, nilikuwa na mteja Mchaga aliyekuwa na mgogoro na mdogo wake kuhusu kihamba, yaani shamba la ukoo, cha baba yao. Shauri lilikuwa tayari liko Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na mteja wangu hakutaka kusikia neno suluhu. Asubuhi moja alikuwa ofisini kwangu tukipanga mashahidi, mke wa mdogo wake akaingia, akasalimia, "Shikamoo shemeji," akafungua gazeti alilokuwa amelikunja kwapani. Ndani palikuwa na jani refu la kijani, limefungwa fundo. Isale. Hapo awali nilikuwa nimeshaelezwa na mzee mmoja wa Marangu kwamba jani hilo hupandwa mipakani na makaburini, na kwamba Mchaga akiletewa fundo la isale ameombwa msamaha, na kulikataa ni jambo zito.

Nilifunga jalada, nikawaachia chumba. Nilikaa kwenye ngazi karibu saa nzima. Waliponiita, mteja wangu macho yalikuwa mekundu. Akasema, "Wakili, andika tunavyokubaliana." Tukaandika mistari kumi na mbili, ndugu hao wawili wakaisaini wiki iliyofuata, na baraza likaipokea hati ya makubaliano. Lile jani lenyewe mteja hakulichukua. Alinikabidhi mimi, nikalibana ndani ya jalada, baada ya ukurasa wa saini. Limekauka sasa, limekuwa rangi ya majani makavu ya mgomba, lakini fundo bado limekaza.