Msiguse nywila kabla ya kusoma logi

Wiki hii tena: simu imeingia, mtu anasema hawezi kuingia kwenye mfumo, na kabla hajamaliza kueleza, kijana wetu mpya ameshambadilishia nywila. Mtumiaji akajaribu, akakwama palepale. Wadogo zangu, nawapenda na najua mnataka kusaidia haraka, lakini hii tabia iachwe.

1. Ujumbe anaousoma mtumiaji umefichwa makusudi. Seva ikimwambia mgeni kwamba jina ni sahihi ila nywila ndiyo mbovu, imemrahisishia mwizi kazi. Ndiyo maana kosa 18456 la SQL Server (mfumo wa hifadhidata wa Microsoft) humfikia mtumiaji likiwa na State 1 (State ni namba inayotaja sababu), sababu iwe ipi. State ya kweli imo kwenye logi ya seva, yaani kumbukumbu ya matukio yake: 5 ni jina lisilojulikana, 8 ni nywila isiyo sahihi, 38 ni hifadhidata aliyoiomba kutopatikana, 58 ni mtu anayetumia akaunti ya SQL kwenye seva iliyowekwa kukubali akaunti za Windows tu. Mwenye 38 mbadilishieni nywila mpaka jioni, hataingia. Kwa mfumo unaouliza Active Directory (daftari la akaunti za mtandao wa Windows) kupitia LDAP (lugha ya kuulizia daftari hilo), kosa ni 49, na siri iko kwenye herufi zinazofuata neno data: 52e ni jina au nywila mbaya, 532 nywila imeisha muda, 533 akaunti imezimwa, 775 imefungwa. Bandikeni hizi mezani.

2. Saa. Kerberos (njia ya mashine kuthibitisha nani ni nani) kwenye domeni ya Windows, yaani mtandao unaosimamiwa na Active Directory, huvumilia saa za mashine zitofautiane kwa dakika 5 tu, isipokuwa mtu awe amebadilisha mpangilio huo. Seva pepe iliyorudishwa kutoka kwenye nakala ya zamani ndiyo ya kushukiwa kwanza.

3. Akaunti ya huduma, yaani ile ambayo programu, si mtu, huingia nayo. Hapa naomba mtulie.

Timu niliyokuwamo iliwahi kuiona programu ya biashara ikigoma kuunganika na hifadhidata. Logi ikataja akaunti ya huduma, na mmoja wetu akaipa nywila mpya. Akaiingiza kwenye huduma ya Windows, akaiwasha upya, mambo yakaenda. Baadaye ripoti zikakataa. Akabadilisha tena. Kazi za usiku zikakataa. Akabadilisha tena. Baada ya hapo akaunti ikaanza kujifunga yenyewe: tukiifungua, inafanya kazi kidogo, inafungwa. Watu wote wakawa nje, hata kule tulikokuwa tumeshaweka nywila sahihi, kwa sababu akaunti iliyofungwa haiulizi tena nywila ni ipi.

Kilichotuchanganya ni kwamba mabadiliko ya kwanza hayakuifunga. Active Directory, nywila mbovu ikiwa ni moja ya mbili za mwisho kwenye historia ya akaunti, hailihesabu jaribio hilo. Kwa hiyo sehemu zilizobaki na nywila ya zamani zilikataliwa kimyakimya bila kuidhuru akaunti. Lakini kila tulipobadilisha tena, tuliisukuma ile ya zamani nje ya historia, na kuanzia hapo kila jaribio likahesabiwa. Tulikuwa tunaulisha moto kuni huku tukitafuta maji.

Waliokuwa wakisubiri walikuwa na mzigo wa kutoa na wateja mbele yao. Sura zao bado ninazikumbuka, na ndiyo sababu ninakuwa mkali.

Tukio namba 4740 kwenye logi ya usalama ya seva ya domeni ndilo lililotutoa. Linataja akaunti iliyofungwa pamoja na jina la kompyuta ambako majaribio yanatoka. Ilikuwa seva ya majaribio ambayo kila mtu aliamini imezimwa. Kwa hiyo akaunti ya huduma haiguswi mpaka muwe na orodha ya kila inakotumika: huduma, kazi zilizopangwa, faili za muunganisho, seva ya ripoti, application pool za IIS (makundi ya programu kwenye seva ya tovuti ya Windows). Orodha haipo? Basi kuiandika ndiyo kazi ya kwanza.

4. Kwenye mifumo ya tovuti, kosa 401 ni seva kusema haijakutambua. 403 imekutambua, ila hairuhusu. Hapo tazameni ruhusa, nywila haina kosa.

5. Mtu anaingia kwa anwani ya IP lakini kwa jina la seva anakataliwa? Tazameni SPN (jina la huduma ambalo Kerberos hulitumia kujua ni la akaunti ipi). Amri ya setspn -X huonyesha zilizojirudia.

6. Ulizeni: ni yeye peke yake au ofisi nzima? Swali hili lingetangulia yote, lakini nimeshaanza na yaliyonikera. Wakiwa wote, nywila ya mtu mmoja inahusika vipi?

Na mnapofunga tiketi, andikeni namba iliyoonekana kwenye logi, jina la mashine na kilichobadilishwa. “Imetatuliwa, anaingia sasa” haimsaidii chochote mwenzenu atakayepokea simu hiyohiyo zamu ya usiku.