Jibu: Kwa nini Michigan Theatre ya Detroit haikubomolewa?

Ndugu, umeuliza kwa nini ukumbi ule wa sinema na maonyesho mjini Detroit, Marekani, uligeuzwa maegesho ya magari badala ya kuvunjwa tu. Sababu kubwa ni ya kiujenzi. Ukumbi umeungana na jengo la ofisi, na kuubomoa kungehatarisha uimara wa jengo hilo. Wapangaji wa ofisi nao walitaka pa kuegesha, basi miaka ya 1970 viti vikang'olewa, zikajengwa sakafu za zege humohumo ndani.

Ukiruhusiwa kuingia, usiishie chini. Panda hadi ngazi ya juu kabisa, kisha inua macho: dari la plasta lenye nakshi bado liko, limemeguka hapa na pale, na chini yake yamepangwa magari. Inaniuma kila ninapoliwaza, maana ukumbi huo wa mwaka 1926, kazi ya wasanifu Rapp na Rapp, ulikalisha watu wapatao 4,000. Hata hivyo heri hivi kuliko kiwanja kitupu.

Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui: uwanja huohuo ndipo Henry Ford alipoundia gari lake la kwanza mwaka 1896, katika kibanda nyuma ya nyumba aliyokuwa akiishi.

Kama unatafuta mfano wa kufurahisha zaidi, tazama El Ateneo Grand Splendid, Buenos Aires. Ulikuwa ukumbi wa maonyesho tangu 1919. Sasa ni duka la vitabu. Roshani zimebaki, michoro ya dari imebaki, na jukwaani watu wanakunywa kahawa.